Bolti za Lori la Ukoo

Kahawa ilikuwa imeiva. Bonde zima la Asaro lilikuwa mashambani tangu asubuhi, chini ya mivinje, likichuma. Noreen alichuma huku bilumu yake ikining'inia kutoka kichwani, ule mfuko wa kusuka ambao mwanamke wa kwetu hatoki nyumbani bila kuubeba. Mchana alizungusha mashine ya kumenya. Aliosha buni, akazianika juu ya turubai. Magunia yakaanza kujaa.

Mumewe, Izaho, alichuma pamoja naye. Lakini alikuwa akitoka nyumbani kwa mlango wa nyuma. Mlango wa mbele ulitazamana na lori la ukoo, na Izaho hakutaka kuliona.

Lori lilisimama uwanjani. Kichwa chake kilikuwa kimelazwa mbele, na mahali pa injini palikuwa patupu. Injini yenyewe ilikuwa kando, juu ya matairi mawili, imefunikwa. Ilikuwa imerudi kutoka gereji ya mjini Goroka, imetengenezwa upya, inang'aa. Ilibaki kuirudisha mahali pake tu. Na wa kuirudisha alikuwa Izaho.

"Fundi, lini?" watu walimwuliza kila walipokutana naye.

"Injini mpya lazima ipumzike kwanza," Izaho alijibu. "Imetoka safari. Ukiiharakisha, inashtuka."

Aliona aibu maneno hayo yalipomtoka. Aliona aibu zaidi alipoona watu wanaitikia kwa kichwa.

Ukweli ni huu. Izaho alikaa miaka miwili Lae, mji wa bandari, katika gereji kubwa. Alirudi kijijini amevaa ovaroli ya bluu. Watu wakamwita Fundi. Hakusema yeye ni fundi. Lakini hakusema kuwa si fundi, na jina tamu halirudishwi. Kazi yake kule ilikuwa kuosha vyuma kwa dizeli. Aliviosha vizuri, hilo tumpe haki yake.

Lori lilipoanza kutoa moshi mweusi na kushindwa milima, gereji ya Goroka ilisema: leteni injini, tutaitengeneza. Ukoo mzima ukamgeukia Izaho. "Itoe hapa hapa nyumbani, Fundi." Naye akasema ndiyo.

Lori hilo lilinunuliwa kwa mchango wa nyumba tano. Siku ya kutoa injini, nyumba zote tano zilifika, kila mtu na spana yake, mashavu yamejaa popoo, zile kokwa za kutafuna zinazotia mate wekundu.

"Nyumba yangu ilichangia," alisema mzee Goroso, mjomba wa Izaho. "Mkono wangu hauwezi kukaa bure."

Basi kila nyumba ilifungua sehemu yake. Na kwetu, kitu ulichokishika katika kazi ya ukoo unakitunza mwenyewe, ili kesho mtu asiseme nyumba yako haikuwapo. Kila mtu aliweka bolti zake katika bilumu yake, akaenda nazo kwake.

Izaho aliona. Moyo ulimwambia kuna kosa. Kule Lae mafundi walipanga bolti kwenye makopo. Lakini kwa nini walizipanga hivyo, hakujua, na fundi haulizi.

Nyaya zilimshinda. Hakujua zinachomolewaje. Alizikata kwa panga.

Kisha wakafunga injini kwa kamba, wakapitisha mti, wanaume wanane wakaingiza mabega, kama watu wanaobeba nguruwe wa sherehe. Injini iligoma. Kulikuwa na bolti moja chini iliyosahauliwa.

"Kimoro, ingia chini uifungue," Izaho alisema.

Kimoro ni mtoto wa baba yake mdogo, rafiki yake tangu utotoni. "Kamba ni nzima?" aliuliza.

"Ingia tu. Ni nzima."

Kimoro aliingia. Bolti ilipotoka tu, kamba iliteleza. Kimoro alivuta miguu. Injini ilitua pale pale magoti yake yalipokuwa. Watu walipiga kelele, halafu wakacheka, kama watu wanavyocheka baada ya hofu.

"Nusura uwe mfupi kama sisi wazee!" mzee Goroso alimwambia.

Izaho alicheka kuliko wote. Kicheko hicho ndicho kilichokuwa kikimrudia sasa, kila asubuhi.

Siku zilipita. Mvua ya mchana ilianza. Magunia ya nyumba tano yalijaa vibandani. Bila lori kahawa haifiki mjini, na kahawa ikikaa kwenye unyevu inashika ukungu. Ikishika ukungu, kazi ya mwaka mzima imekwenda na maji. Noreen aliingiza mkono kwenye gunia, akanusa kiganja chake.

"Izaho, nikuulize."

"Uliza."

"Unajua kuirudisha ile injini?"

"Mafundi wengine huwa wanaanza na—"

"Nimekuuliza neno moja tu, baba."

Izaho aliangalia chini. Noreen hakurudia swali.

"Nimempigia simu dada Delma," alisema. "Yuko likizo. Anakuja kesho."

Uso wa Izaho uliwaka. Delma ni dada mkubwa wa Noreen. Anatengeneza mashine za mgodini, zile kubwa kuliko nyumba. Na kwetu shemeji wa namna hiyo ana heshima yake. Mwanamume hatamki jina lake, wala hapiti mbele yake shemeji huyo akiwa ameketi.

"Aje anishike mkono kama mtoto mbele ya ukoo mzima?" Izaho alisema.

"Afadhali wewe ushikwe mkono," Noreen alisema, "kuliko Kimoro abebwe bila miguu."

Delma alifika na buti za kazi na daftari. Alisalimia, akanywa chai, akaenda moja kwa moja kwenye lori. Izaho alimfuata kwa nyuma. Delma alishika nyaya zilizokatwa, akazigeuza.

"Shemeji, hizi zimeliwa na panya?"

Izaho alikohoa. "Nilikata mimi. Kwa panga."

"Ahaa. Panya mwenye mpini." Hakutabasamu. Aliinama, akamwonyesha kichwa cha plastiki kwenye waya mmoja uliosalimika. "Bonyeza hapa. Sasa vuta."

Izaho alibonyeza. Waya ulitoka wenyewe, bila hata sauti. Kazi ya kidole kimoja. Alitamani ardhi ipasuke.

"Na kabla ya kugusa waya wowote, unatoa betri," Delma alisema. "Unaanza na upande wa hasi. Ulitoa?"

"Hapana."

"Basi ungeweza kuchoma lori zima. Bolti ziko wapi?"

"Ziko... kwa watu."

"Watu gani?"

Izaho alieleza. Noreen alicheka mpaka akaketi chini. Delma hakucheka.

"Hakuna bolti mbili zinazofanana kazi," alisema. "Hii ndefu, hii fupi, hii ngumu zaidi. Nenda ukazikusanye zote. Nitangoja."

"Si tununue mpya, shemeji?"

"Zilizopotea tutanunua. Lakini utakwenda. Na kila mlango utasema ukweli kwamba wewe si fundi."

Izaho aliitazama milango ya jirani.

"Sikuambii hivyo ili nikuumize," Delma alisema kwa sauti ya chini. "Siku ya kuirudisha injini tutanyanyua zaidi ya kilo mia tatu. Watu wakidhani unajua, watakutii. Ukisema ingia chini, wataingia. Mgodini nimeona watu wanakufa hivyo. Hawauawi na mashine. Wanauawa na mtu aliyeona haya kusema hajui."

Izaho alichukua kopo tupu la biskuti, akaondoka. Kopo lilikuwa jepesi, lakini alilibeba kwa mikono miwili.

Alianza kwa mzee Goroso. Alimkuta mlangoni akitwanga popoo, maana hana meno ya kutafunia. Alikuwa anatwanga kwa bolti ya injini.

"Mjomba, naomba hiyo."

"Hii? Hii sasa ndilo jino langu."

"Ni ya lori, mjomba. Na kuna neno." Aliweka kopo chini. "Mimi si fundi. Kule Lae nilikuwa naosha vyuma."

Goroso aliacha kutwanga. "Miaka yote miwili?"

"Yote."

"Na ile ovaroli?"

"Aliniachia fundi mmoja alipohama."

Mzee alicheka mpaka mate mekundu yakamwagika kifuani. Kisha akapaza sauti juu ya ua: "Jamani! Mmesikia? Fundi wetu alikuwa dobi!"

Habari zilimtangulia. Nyumba ya pili walimpokea wakisema, "Karibu, dobi wa vyuma." Hata hivyo ilimbidi aseme mwenyewe, kwa mdomo wake, wasikie. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, lakini siku hiyo Izaho aliiona ndefu. Bolti tatu za nyumba hiyo zilikuwa zimetumika kufungia lango la zizi. Alipozitoa, nguruwe alitoka, na Izaho alimkimbiza kati ya viazi vitamu huku watoto wakimshangilia.

Nyumba ya tatu hawakucheka. Hapo aliishi mama Kekeso, mjane. Alileta furushi la jani la mgomba, akalifungua. Ndani mlikuwa na bolti kumi na moja, zimepakwa mafuta ya nguruwe zisishike kutu, zimefungwa kwa nyuzi mafungu mawili.

"Hizi sita zilitoka chini, upande wa mto," alisema. "Hizi tano zilitoka juu, upande wa nyumba. Nilizitenga."

"Nani alikuambia uzitenge, mama?"

"Hakuna aliyeniambia. Nilidhani fundi atakuja kuuliza." Alimtazama. "Hukuuliza."

Izaho aliyasema yake, sauti imekwisha. Mama Kekeso alimsikiliza mpaka mwisho. Hakumtania hata kidogo, na hilo lilimuuma kuliko vicheko vyote vya nyuma. Mwanamke asiyewahi kuingia gereji alikuwa amefanya kazi ya fundi, na fundi wa ukoo alikuwa amekata nyaya kwa panga.

Nyumba ya nne ilikuwa kwake mwenyewe. Aliokota bolti zake chini ya kitanda. Nyingine hazikuonekana.

Ikabaki nyumba ya Kimoro.

Kimoro alikuwa anageuza kahawa kwenye turubai. Hakusimama. Alikuwa ameshasikia.

"Siku ile," Kimoro alisema, "nilikuuliza kama kamba ni nzima."

"Uliniuliza."

"Ulijua kwamba ni nzima?"

"Sikujua."

"Ulijua kwamba hujui?"

Izaho angeweza kusema hapana. Ingekuwa nafuu. "Nilijua," alisema. "Nilijua sijui. Nikakuambia uingie. Nisamehe, Kimoro."

Kimoro aliweka chini ubao wa kugeuzia kahawa, akaingia ndani. Alitoka na bolti nne mkononi, akazitia ndani ya kopo, moja moja.

"Bolti hizo hapo," alisema. "Siku ya kunyanyua mimi siji."

Asubuhi Delma alichora injini kwenye boksi kubwa lililokunjuliwa. Alitoboa tundu mahali pa kila bolti. Izaho alichomeka bolti tunduni, moja moja. Zile za mama Kekeso ziliingia bila shida. Nyingine waliziweka mstari, wakazipima urefu.

"Angalia alama kichwani," Delma alisema. "Hii ina namba ya juu, ni ngumu. Ukiweka dhaifu mahali pa ngumu, itakatika barabarani. Ukiweka ndefu mahali pa fupi, itatoboa injini."

Zilipungua saba. Nyingine mbili zilikuwa zimekwisha meno ya kukazia. Delma aliandika urefu na namba ya kila iliyokosekana au kuharibika, na Noreen akateremka na orodha hiyo mjini, akarudi na bolti mpya.

Nyaya ziliwachukua siku nzima. Izaho aliunga rangi kwa rangi, akafunika maungio, akabandika namba kwa kila waya na namba hiyo hiyo pale unapochomekwa. Zote akaziandika kwenye daftari.

"Hivi ndivyo unavyofanya kabla ya kutoa," Delma alisema. "Namba kwanza, mkono baadaye. Na kama una simu, piga picha. Picha haisahau."

Siku ya tatu walileta kutoka chuo cha ufundi cha bondeni miguu mitatu ya chuma na puli ya mnyororo. Delma alionyesha maandishi kwenye puli.

"Tani mbili. Injini yetu haifiki nusu tani. Hii inatosha. Kamba na mti ni vya nguruwe." Alifunga mnyororo kwenye masikio mawili ya chuma juu ya injini. "Masikio haya yaliwekwa na waliotengeneza injini. Hapa tu ndipo pa kunyanyulia."

Watu wa nyumba tano walikuwa wamefika, isipokuwa Kimoro. Kila mmoja alitaka kushika kitu.

"Mtu mmoja tu ndiye atakayesema," Delma alitangaza. "Wengine kimya. Atakayesema ni shemeji yangu."

"Mimi?" Izaho alirudi nyuma hatua moja. "Baada ya yote haya?"

"Mimi nakuelekeza. Unachokijua, sema. Usichokijua, simamisha kazi."

Izaho alilowa jasho. "Vuta," alisema. Mnyororo ulikaza. Injini ilipanda kiganja kimoja. "Simama." Walingoja. Walitazama mnyororo, miguu ya chuma, ardhi. Hapakuwa na mtu chini ya injini, wala mguu, wala kidole. "Vuta tena."

Wakalisukuma lori taratibu mpaka likafika chini ya injini. Walizuia magurudumu kwa magogo. Injini ikashuka polepole kuelekea kwenye giaboksi, iliyokuwa imeegemezwa kwa jeki. Ilikaribia. Ilikaribia zaidi. Ikagoma, imebakiza upana wa vidole viwili.

"Tia bolti ukaze!" mzee Goroso alipaza sauti. "Bolti zitaivuta!"

Mkono wa Izaho ulikuwa umeshashika spana. Ndivyo angefanya siku zote. Watu wote walikuwa wanamtazama yeye.

"Simama," alisema.

"Kwa nini?" Goroso aliuliza.

"Sijui."

Neno lilitoka dogo. Alilirudia kwa sauti. "Sijui kwa nini haiingii. Shemeji, naomba unieleze."

Mtu mmoja alicheka kidogo, akaacha. Delma alikuja karibu.

"Ungekaza, ungepasua giaboksi," alisema. "Isipoingia kwa upole, kuna sababu. Tafuta sababu, usitafute nguvu. Hapa ni sahani ya klachi. Haijakaa katikati."

Walinyanyua injini tena. Delma alimpa Izaho kipande cha shafti kuukuu. Izaho alikipitisha katikati ya sahani, akaisogeza kidogo sana, akaibana hapo. Wakashusha mara ya pili. Injini iliingia mpaka mwisho, bila kulazimishwa.

"Sasa bolti," Delma alisema. "Kila moja uanze kwa vidole. Ikikataa kwa vidole, usiipe spana."

Izaho alianza kila bolti kwa vidole. Mama Kekeso alimchomolea zake kutoka kwenye boksi, sita za chini, tano za juu. Safari hii Izaho alimwuliza kila moja ilikotoka, na mama alimjibu.

Hawakuwasha haraka. Walijaza oili, wakajaza maji, wakafunga betri, hasi mwisho. Walipampu dizeli kwa mkono mpaka mapovu ya hewa yakaisha. Delma alizuia dizeli, akamwambia Izaho azungushe injini bila kuiwasha, mpaka taa ya oili izimike. "Vyuma vikutane na oili kwanza," alisema. Kisha akaiachia dizeli. Injini ilikohoa mara mbili, ikawaka. Moshi ulikuwa mwepesi. Wanawake walipiga vigelegele, na Noreen alilia waziwazi.

Kesho yake magunia ya nyumba tano yalishuka Goroka yakiwa makavu. Hata gunia moja halikukataliwa.

Kimoro alipakia magunia yake, akamsalimia Izaho, akaenda zake. Hivyo ndivyo ilivyokuwa miezi mingi. Salamu tu. Izaho aliipokea salamu hiyo, na hakudai zaidi.

Mwaka uliofuata walikuja watu wa ng'ambo ya mto. Injini ya lori lao ilikuwa imekufa.

"Tunamtafuta fundi," walisema.

"Fundi ni shemeji yangu, yuko mgodini," Izaho alijibu. "Mimi najua kutoa na kurudisha injini ya lori kama hili. Zaidi ya hapo sijui. Nikikwama nitampigia simu, nanyi mtangoja."

Walitazamana. Wakakubali.

Siku ya kazi boksi lilikuwa limechorwa, nyaya zina namba, betri iko pembeni, oili imekingwa kwenye karai. Watu wa koo zote mbili walijaa uwanjani. Izaho aliuliza nani atavuta mnyororo. Kimoro, aliyekuwa amesimama kando akitafuna popoo, alitema, akaja.

"Nitavuta mimi," alisema.

Izaho hakuamini. "Huogopi?"

"Naogopa," Kimoro alisema. Alishika mnyororo kwa mikono miwili. "Siku ile ndiyo sikuogopa. Siku ile wewe ulikuwa unajua kila kitu."

Izaho aliinamisha kichwa. Aibu ilimpanda usoni mbele ya koo mbili, na hakuificha. Kisha aliwaambia watu wote warudi nyuma hatua tano. Alichungulia chini ya injini, akahakikisha hakuna mguu wa mtu. Ndipo akamwambia Kimoro avute.